UZI: Milipuko ya redio ya ghafla (FRB) inatoa mwanga? Na kama inatoa, mbona kamera hazijaunasa?

Kilimia (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Habari za FRB zikiletwa humu, ukurasa wa pili tu tumeshafika kwa viumbe wa sayari nyingine na uzi unajifia. Leo naomba tukae kwenye jambo moja ambalo naona halipewi nafasi: je, hii milipuko inatoa mwanga? Nasema mwanga huu huu wa kuonekana, ambao kamera ya darubini ingeuona kama nyota iliyowaka na kuzimika kabla hujapepesa macho.

Kwa wageni wa mada, kwa kifupi. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walitangaza mlipuko mmoja mkali wa redio waliouchimbua kwenye kumbukumbu za mwaka 2001 za darubini ya Parkes, Australia. Ulidumu chini ya milisekunde 5 na ulionekana kutoka mbali sana nje ya galaksi yetu. Leo mambo ni tofauti. Darubini ya CHIME ya Canada peke yake ilitoa orodha ya milipuko 536 mwaka 2021, na makadirio ni kwamba anga zima hupata mamia kwa siku. Kwenye redio tumeshiba. Kwenye mwanga hatuna hata mmweko mmoja uliothibitishwa.

Wengi hujibu kwamba darubini hazijawa kubwa vya kutosha. Mimi sikubaliani. Kinachotushinda kabla ya ukubwa wa kioo ni saa.

Mawimbi ya redio yakipita kwenye elektroni zilizotapakaa angani huchelewa, na masafa ya chini huchelewa zaidi ya masafa ya juu. Kiasi cha elektroni zilizokutwa njiani hupewa kipimo kiitwacho DM. Chukua mlipuko wa kawaida wenye DM ya 500. Ukiusikiliza kwenye gigahezi 1.4, redio inafika sekunde 1 hivi nyuma ya mwanga. Kwenye megahezi 600, katikati ya masafa ya CHIME, inafika sekunde 5.8 nyuma. Kwenye megahezi 400 ni sekunde 13. Mwanga wenyewe una masafa ya juu kiasi kwamba ucheleweshaji wake haupimiki.

Kwa hiyo kama redio na mwanga vilitoka pamoja, mwanga umeshatufikia na kutupita kabla king'ora cha redio hakijalia. Uwe na darubini inayogeuka haraka kuliko zote duniani, bado utaielekeza kwenye giza. Kwa milipuko ya miale ya gama mbinu ya kukimbilia king'ora inafanya kazi, maana kule mabaki ya mwanga hudumu saa hata siku. Kwa FRB mabaki ya aina hiyo hayajaonekana, na mmweko wenyewe, kama upo, pengine ni wa milisekunde.

Inabaki njia moja: uwe umeshaangalia pale kabla haijatokea. Karibuni tuchambue.

---

Zuhura77

Siti ya mbele kabisa. Swali la mtu asiyejua: darubini si zinapiga picha za anga usiku kucha? Si mtu aingie kwenye kumbukumbu, atafute picha iliyopigwa wakati ule mahali pale, amalize kazi?

---

Kilimia

Swali zuri Zuhura, na watu wamefanya hivyo. Shida ni urefu wa picha. Mng'ao wa nyota hupimwa kwa madaraja, na namba ndogo ndiyo angavu zaidi: daraja la 6 ndio mwisho wa jicho la binadamu kwenye giza zuri, na kila madaraja 5 ni tofauti ya mara 100. Sasa chukua picha ya sekunde 60. Ndani yake umetokea mmweko wa milisekunde 1. Mwanga wa milisekunde hiyo moja unagawanywa kwenye milisekunde 60,000. Hiyo ni hasara ya madaraja 12.

Yaani kimweke kitu ambacho, kingetulia, ungekiona kwa macho bila darubini, daraja la 6. Kwenye picha ya sekunde 60 kitajitokeza kama kinyota hafifu cha daraja la 18, hakina tofauti na maelfu ya vinyota vilivyokizunguka. Ni kijiko cha chumvi kwenye tangi la maji.

Darubini ya Rubin kule Chile, kioo cha mita 8.4, hutumia takriban sekunde 30 kwa kila mahali, na huona mpaka daraja la 24 na zaidi. Piga hesabu hiyo hiyo utakuta kwa mmweko wa milisekunde 1 uwezo wake unashuka hadi daraja la 13 hivi. Mtambo wenye kamera ya pikseli bilioni 3.2, na kwa kazi hii unarudishwa kwenye kiwango cha kawaida kabisa. Ndiyo maana nasema ni saa.

---

Shahidi

Mkuu Kilimia umeeleza vizuri ila mimi naona mnazunguka. Tangu 2007 wametafuta, hawajaona. Mtu akitafuta kitu hivyo akakikosa, jibu ni kwamba hakipo. Kwa nini hela za darubini ziendelee kuliwa?

---

Mzee wa Masafa

Shahidi, taratibu kijana wangu. Kukosa kuna thamani ikiwa unajua ulikuwa na uwezo wa kuona kiasi gani. Ngoja nikupe mifano miwili uone kazi ilivyofanyika.

Kuna chanzo kinaitwa FRB 121102. Kilinaswa na Arecibo, darubini ya redio ya Puerto Rico, mwaka 2012, ikatangazwa 2016 kwamba kinarudia, na 2017 kikapatikana nyumbani kwake: galaksi ndogo iliyo umbali wa takriban miaka nuru bilioni 3. Chanzo kinachorudia ni neema kwa kazi hii, maana huna haja ya kubahatisha pa kuangalia. Elekeza, subiri.

Timu moja ilitumia darubini ya taifa ya Thailand ya mita 2.4 na kamera ya kasi iitwayo ULTRASPEC, huku sahani ya mita 100 ya Effelsberg, Ujerumani, ikisikiliza mahali palepale. Fremu za kamera zilikuwa za milisekunde 70 hivi. Redio ikanasa milipuko 13. Kamera haikunasa kitu, si kwa mmoja mmoja, si kwa kuzijumlisha zote. Matokeo yakachapishwa 2017.

Mwaka uliofuata wakaja watu wa MAGIC, zile darubini za La Palma zenye vioo vya mita 17, ambazo kazi yake hasa ni kunasa mimweko ya bluu inayozaliwa miale ya gama inapogonga angahewa. Zimeumbwa kwa kasi, hivyo milisekunde kwao ni muda mrefu. Waliangalia FRB 121102 sambamba na Arecibo, milipuko 5 ya redio ikatokea. Hapa kuna kitu cha kusisimua: sekunde chache kabla ya mmoja wa milipuko hiyo palitokea mmweko wa mwanga. Lakini walihesabu mimweko ya bahati nasibu inayotokea muda wote kwenye kifaa chao, wakaona ni mingi mno kuweza kuudai huo mmoja. Wakauacha.

Hiyo ndiyo adabu ya kazi. Wengine wangeshaita waandishi wa habari.

---

Shahidi

Sawa mzee, nimekusikia. Lakini bado hujajibu: kuna sababu yoyote ya kifizikia ya kutarajia mwanga? Au wanatafuta tu kwa kuwa kamera zipo?

---

Mzee wa Masafa

Hapo umeuliza la msingi. Nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Redio ya FRB ni kali kupita kiasi kwa kitu kidogo kama nyota ya nyutroni, kile kiini kizito kinachobaki nyota kubwa ikifa. Haiwezekani kila elektroni ikatoa wimbi lake kivyake tukapata nguvu ile. Lazima chembe nyingi mno zitoe mawimbi kwa mpigo mmoja, kilele juu ya kilele. Kwa hilo kutokea kwa njia ya mafungu ya chembe, fungu lenyewe lazima liwe dogo kuliko urefu wa wimbi. Wimbi la gigahezi 1.4 lina urefu wa sentimita 21. Wimbi la mwanga lina nanomita 500 hivi, dogo zaidi ya mara 400,000. Fungu lenye upana wa sentimita kadhaa linaweza kuimba kwa pamoja kwenye redio, likifika kwenye mwanga kila chembe inaimba lake. Kwa hiyo usitarajie kwamba mwanga ni mwendelezo wa redio ileile kwenye masafa ya juu. Kama mwanga upo, unakuja kwa mlango mwingine.

Milango inayojadiliwa ni miwili hasa. Wa kwanza: redio inazaliwa karibu na nyota yenyewe, ndani ya ugasumaku wake (eneo linalotawaliwa na sumaku yake), na baadhi ya mawimbi yanagongwa na elektroni zenye kasi kubwa yakapandishwa nguvu mpaka kufikia mwanga. Hesabu zilizochapishwa 2019 na Yang, Zhang na Wei zinaonyesha kwamba kwa njia hizi mara nyingi mmweko ni hafifu mno kwa umbali wa galaksi nyingine. Wa pili: nyota inarusha tufani la chembe, linagonga mabaki ya tufani lililotangulia, linazaliwa wimbi la mshtuko, na redio inatoka kwenye wimbi hilo mbali na nyota. Wapo waliotetea njia hii kwa nguvu, Metzger na wenzake na pia Beloborodov. Kwenye njia hii ya pili mshtuko huo unapasha joto chembe, na katika hali fulani unaweza kutoa mmweko wa mwanga wenye nguvu kubwa kuliko redio yenyewe.

Umeona sasa? Milango miwili inatabiri mwanga wa viwango tofauti kabisa. Ukiweza kusema "ungekuwa mkali kiasi hiki ningeuona, na sikuuona", unaanza kufunga mlango mmoja. Mimi binafsi naegemea kwenye ugasumaku, kwa sababu ya jinsi redio inavyobadilika haraka ndani ya mlipuko mmoja, ila siweki dhamana.

---

Bi Falaki

Mzee, naomba niongeze la Aprili 2020 maana bila hilo mjadala huu haujakamilika.

Tarehe 28 Aprili 2020 magneta (nyota ya nyutroni yenye sumaku kali mno) iliyo ndani ya galaksi yetu, SGR 1935+2154, ilitoa mlipuko wa redio unaofanana na FRB. CHIME waliupata, na STARE2 ya Marekani, mtambo mdogo sana kwa mwonekano, nao wakaupata. Papo hapo vyombo vya angani kama INTEGRAL na Insight-HXMT vikanasa eksirei. Kwa mara ya kwanza FRB, au ndugu yake wa karibu, ikapata mwenzi kwenye aina nyingine ya mionzi.

Na kamera je? Kwa bahati, darubini ya BOOTES-3 ya New Zealand ilikuwa inapiga picha ya sekunde 60 palepale wakati uleule. Kikomo chake, yaani kitu hafifu kabisa ambacho ingeweza kukiona, kilikuwa daraja la 17.9, kwenye rangi ya mwisho kabisa ya wekundu, na hakukuwa na kitu.

Watu wengi wamesoma hili kama "hakuna mwanga, kesi imefungwa". Hapana. Kwanza ni ile hesabu ya Kilimia: sekunde 60 zinakula madaraja 12. Pili, magneta ile iko nyuma ya vumbi zito la galaksi, linaloondoa takriban madaraja 7 ya mwanga wa kawaida, yaani mwanga unaopenya ni chini ya sehemu moja ya mia sita. Kwenye wekundu wa mwisho hasara ni ndogo zaidi ila ipo. Magneta iliyo jirani imefunikwa na vumbi, zile zisizo na vumbi ziko mbali. Ndiyo hali halisi.

---

Zuhura77

Bi Falaki hapo umenigusa. Kumbe kuna chanzo cha karibu zaidi lakini nje ya vumbi letu?

---

Bi Falaki

Kipo, mpenzi. FRB 20200120E iko kwenye kundi la nyota la mviringo la galaksi ya M81, miaka nuru milioni 12 hivi. Kwa FRB huko ni nyumba ya pili. Milipuko yake ni dhaifu ukilinganisha na ya wengine, lakini umbali unafidia.

Halafu kuna FRB 20180916B, takriban miaka nuru milioni 500, ambayo ina tabia ya ajabu: huamka kwa mzunguko wa siku 16.35, ikiwa hai siku kama 5 kisha inanyamaza. Hiyo ndiyo kipenzi cha wenye kamera, maana unaweza kuomba muda wa darubini kwa kalenda. Waitaliano wameishughulikia sana kwa vifaa vyao vya kuhesabu fotoni (chembe za mwanga) moja moja, na darubini ya mita 3.5 ya Apache Point iliwahi kuwa inaipiga picha wakati CHIME inanasa mlipuko. Matokeo ni yale yale, vikomo tu.

---

Mzee wa Masafa

Kuhusu hiyo 20180916B, kuna jambo la kufurahisha. Darubini ya LOFAR imeinasa mpaka masafa ya megahezi 110. DM yake ni 349, hivyo kwenye masafa hayo redio inachelewa dakika 2 nzima nyuma ya mwanga. Dakika mbili! Mlipuko mmoja, na kama CHIME na LOFAR wote wangekuwa macho, CHIME angeweza kumwambia LOFAR "jiandae, unakuja" na LOFAR akapata muda wa kutosha kujipanga. Kamera haina wa kuiambia. Mwanga ndio wa kwanza kwenye foleni.

---

Fundi Lenzi

Nimefika kwa kuchelewa kama redio, haha.

Mnasema saa, nakubali, lakini msidhani kufupisha fremu ni bure. Kila unaposoma fremu, kamera inaongeza kelele yake. CCD ya kawaida (sensa ya kamera za darubini) ukiifanyisha fremu za milisekunde 10, kelele ya usomaji inameza kila kitu, tena usomaji wenyewe huchukua sekunde kadhaa. Ndiyo maana ULTRASPEC wanatumia EMCCD, ambayo inakuza ishara kabla ya kusomwa. Siku hizi CMOS, aina nyingine ya sensa, nazo zimeshuka kelele sana.

Wajapani wana Tomo-e Gozen kwenye darubini ya sentimita 105 ya Kiso: sensa 84 za CMOS zinazofunika digrii mraba 20, fremu 2 kwa sekunde. Ukikubali kusoma sehemu ndogo tu ya sensa unapanda mpaka 24.4 kwa sekunde. Walifanya hivyo kwenye FRB 20190520B huku FAST, sahani ya mita 500 ya China, ikisikiliza. Milipuko 11 ya redio, mwanga hakuna. Kwangu mimi hiyo ndiyo ramani ya kazi nzuri: kioo cha wastani, kamera ya kasi, na sikio kubwa pembeni.

Na data? Fremu 24 kwa sekunde kwa usiku mzima ni mzigo. Suluhisho ni kutunza fremu kwenye kumbukumbu ya mzunguko, dakika chache za nyuma tu. King'ora cha redio kikilia, unaokoa zile dakika, kisipolia zinafutwa na mpya. Kwa njia hii ucheleweshaji wa redio aliousema Kilimia hauwi tena tatizo, unarudi nyuma tu kwenye kumbukumbu.

---

Kilimia

Fundi umenisaidia sana. Na mfano wa kwamba kuwa umeshaangalia ndiyo kila kitu upo, japo si wa FRB. Machi 19, 2008 ulitokea mlipuko wa gama, kisha kama nusu saa baadaye ukatokea mwingine upande uleule wa anga. Kamera ndogo za Pi of the Sky kule Chile zilikuwa zinaangalia eneo lile kwa ajili ya ule wa kwanza. Huo wa pili, GRB 080319B, ulifika daraja la 5.3. Yaani mtu aliyekuwa nje na anga safi angeweza kuuona kwa macho, na ulikuwa umesafiri miaka bilioni 7.5. Kamera zile zilikuwa na lenzi za kupigia picha za kawaida tu, si vioo vya mita 8.

---

Shahidi

Basi kwa nini msiweke kamera za kasi zinazotazama anga lote, muda wote? Mnaongea kama jambo gumu.

---

Fundi Lenzi

Kwa sababu ya takataka zilizo juu ya vichwa vyetu, Shahidi. Setilaiti na mabaki ya roketi vinazunguka-zunguka, paneli ikikaa sawa na jua inamulika kwa sehemu ya sekunde. Kamera za Evryscope zilihesabu: takriban mimweko 1,800 kwa saa kwa anga zima, mingi ikiwa ya daraja la 13 hivi. Ukiweka kamera ya kasi bila redio pembeni, utapata "uvumbuzi" kila dakika.

Na hili limeshawapata wakubwa. Mwaka 2020 walitangaza mmweko kutoka galaksi ya GN-z11, moja ya galaksi za mbali kuliko zote zilizojulikana wakati ule, uliopatikana kwenye data za darubini ya Keck za 2017. Habari kubwa. Mwaka uliofuata watu wengine wakafuatilia mizunguko ya vitu angani wakaonyesha kwamba kipande cha roketi ya Kirusi, hatua ya juu ya Breeze-M, kilipita palepale dakika ileile.

---

Bi Falaki

Hapo ndipo mpango wa MeerLICHT unaponipendeza. Ni darubini ya sentimita 65 iliyopo Sutherland, Afrika Kusini, na imefungwa pingu na MeerKAT, ule mtandao wa sahani 64 za redio wa Karoo. MeerKAT ikigeuka usiku, MeerLICHT inageuka nayo. Hakuna kusubiri king'ora wala kuomba ruhusa. Eneo inaloona, digrii mraba 2.7, linazidi lile la MeerKAT, kwa hiyo FRB yoyote MeerKAT itakayonasa usiku wenye anga safi ina picha yake tayari.

Kasoro yake mmeshaijua: picha ni za sekunde 60. Inafika daraja la 20 hivi, toa 12, unabaki na 8 kwa mmweko wa milisekunde 1. Ila kama mmweko una mkia wa sekunde kadhaa, kama ule wa njia ya wimbi la mshtuko, hapo MeerLICHT inakuwa na meno. Usiwahukumu kwa milisekunde peke yake. Hakuna aliyewahi kupima mmweko huo, hivyo hatuna haki ya kusema lazima uwe mfupi kama redio.

---

Mzee wa Masafa

Bi Falaki amesema kweli tupu hapo mwisho.

Na mimi niwape kitu nilichokisubiri nione kama kuna atakayekitaja. Kujumlisha. FAST waliisikiliza FRB 121102 mwaka 2019 wakanasa milipuko 1,652 ndani ya saa 59.5. Kuna saa moja ilikuwa na 122. Sasa fikiria kamera ya kasi ingekuwa macho saa zote hizo. Unachukua fremu ya kila mlipuko, unazipanga moja juu ya nyingine. Kelele inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: kipeuo cha 1,652 ni karibu 40. Umepata madaraja 4 bila kuongeza hata sentimita ya kioo. Tena kila mlipuko una saa yake kamili kutoka kwenye redio, hivyo hakuna setilaiti itakayokudanganya mara 1,652 kwa sekunde ile ile.

Hatuwi watu wa kwanza kufanya hivi. Palsa ya Kaa, ile nyota ya nyutroni inayozunguka mara 30 kwa sekunde, mwanga wake unaopiga ulijulikana tangu 1969. Mara chache redio yake hutoa pigo kubwa kupita kiasi. Mwaka 2003 timu ya Shearer ilichapisha kwamba mapigo hayo makubwa ya redio yakitokea, mwanga nao unapanda kwa asilimia 3 hivi. Asilimia tatu! Hakuna ambaye angeliona hilo kwenye pigo moja. Walijumlisha maelfu. Kwa hiyo nyota ya nyutroni inayounganisha redio na mwanga tunayo tayari, ndani ya galaksi yetu.

---

Zuhura77

Mzee hiyo ya asilimia 3 nimeipenda. Je, JWST, ile darubini ya angani ya James Webb, haiwezi kusaidia?

---

Bi Falaki

Si kwa mmweko, haikujengwa kwa mbio hizo. Imesaidia kwa mahali. Machi 16, 2025 CHIME na vituo vyake vya ziada walinasa FRB 20250316A, kali sana, wakaiweka kwenye ukingo wa galaksi ya NGC 4141, takriban miaka nuru milioni 130, kwa usahihi wa ajabu. JWST ikaangalia mahali hapo na kukuta kitu kimoja hafifu cha infraredi. Huenda ni nyota kubwa au jitu jekundu lililo jirani na chanzo, huenda ni mwangwi wa mlipuko. Ukiangalia tena baada ya muda na kikawa kimefifia, mwangwi unapata nguvu. Kikibaki vilevile, ni nyota.

---

Shahidi

Haya, nimelainika kidogo. Swali la mwisho kabla sijalala. Sisi wenye darubini ndogo, kuna chochote tunaweza kufanya au ni kushangilia tu?

---

Fundi Lenzi

Kipo, kama una CMOS ya kelele ndogo na kipokezi cha GPS cha kuweka muda kwenye kila fremu. Muda wa kompyuta usiuamini, unaweza kupotea sehemu kubwa ya sekunde na usijue. Mkiwa wawili ni bora zaidi. Kaeni mbali kama kilomita 10, elekezeni sehemu moja. Setilaiti iliyo juu kilomita 1,000 itaonekana imehama zaidi ya nusu digrii kati ya kamera zenu, kama mwenzako ataiona kabisa, maana mmuliko wa paneli ni mwembamba. Hata ile iliyo kwenye kilomita 36,000 itahama karibu dakika moja ya tao (sehemu ya 60 ya digrii). Kitu cha galaksi nyingine hakihami hata chembe.

---

Kilimia

Na chagueni 20180916B wakati dirisha lake la siku 5 limefunguka, iko kaskazini ya mbali kwenye digrii +65. Walio kusini ya ikweta wataiona chini sana au wataikosa. Kwa darubini ya sentimita 30 msitegemee kuona mmweko, tegemeeni kikomo chenye muda sahihi.

---

Shahidi

Dakika moja ya tao kwa kilomita 36,000 na pikseli zangu ni sekunde 2 za tao. Inatosha?

---

Fundi Lenzi

Inatosha, hizo ni pikseli kama 28 za tofauti. Mkaribie kilomita 3 mtabaki na 8 au 9, bado mnaona. Chini ya hapo msijisumbue.